Sababu ya Pingamizi

Kwenu Kitengo cha Malalamiko,
fomu yenu imenipa herufi mia tano.
Mimi hushona kofia za viua hapa Langoni, Lamu.
Kofia moja ina matundu elfu na ushei,
kila tundu nalizungushia uzi nikihesabu kimoyomoyo.
Mia tano ni ukingo tu, kileleni sijafika.
Basi yasiyoenea nayaandika nyuma ya risiti.

Dola mia moja themanini na sita
zilitoka kwenye akaunti yangu tarehe kumi na nne
zikanunua viatu vya kutelezea kwenye barafu.
Barafu niijuayo
ni ile ya ukwaju, ya mfukoni, ya kwa Mama Zuhra,
unaing'ata pembeni unafyonza.
Sijaona mtu akiteleza juu yake.

Mmeuliza: 03:12, ulikuwa wapi?
Moyo ukaruka. Saa tatu na dakika kumi na mbili usiku
nilikuwa kwa kina Rehema Famau, kwenye hina ya bi harusi,
mikono yote miwili ina piko mbichi hadi viwikoni,
nalishwa sambusa kama kinda.
Mashahidi wanawake arobaini, na piko lenyewe.
Nikaandika yote, nikajaza kisanduku,
ndipo Swabra, mpwa wangu, akachungulia begani:
"Shangazi, hiyo ni saa yao. Tatu yao ni kenda yetu."

Nikafuta.
Saa kenda nilikuwa nimelala.
Shahidi wangu ni chandarua,
na punda wa jirani, ambaye hulia saa hiyo kila siku
bila kuulizwa na mtu.
Aliyelala huthibitishaje kwamba alilala?

Tena simu yangu hainijui.
Sindano imenila kidole gumba miaka ishirini na saba,
mistari imefutika. Nikibonyeza inasema jaribu tena,
nikipangusa kwenye leso, jaribu tena.
Mwizi hakuambiwa ajaribu tena.
Aliingia kama mwenye nyumba, hata hodi hakupiga.

Swali la mwisho kabla ya sahihi:
Je, kuna mtu mwingine anayeijua nywila yako?

Hapa nimekaa mpaka chai imepoa.
Nywila yangu ni jina.
Jina la mtoto aliyekaa nasi siku kenda.
Siku ya saba akapewa jina,
akaitwa siku mbili.
Baba yake hajalitamka tangu hapo. Mkunga ametangulia.
Kwa hiyo nililiita mimi, kwa vidole,
kila mteja aliponilipa.
Sasa mtu nisiyemjua, katika mji nisioujua,
kaliandika usiku wa manane
apate viatu.
Nitie alama kwenye Ndiyo, au kwenye Hapana?

Swabra anasema ni mashine, hukisia maneno
elfu kwa sekunde, wala haijui imekisia nini.
Labda ni kweli. Labda ananipoza.

Mmeniamuru nibadilishe: herufi kubwa, ndogo, tarakimu, alama,
na nisitumie jina la mtu wa karibu.
Nimetii. Mpya haina maana yoyote, na naisahau;
nimeiandika kwa penseli chini ya kopo la nyuzi.

Mmejibu: Ombi limepokelewa. Subiri siku arobaini na tano.
Usijibu ujumbe huu.
Arobaini nazijua kuzihesabu. Hizo tano ni zenu.
Mkizirudisha fedha, alhamdulillahi,
ni kofia mbili, miezi mitano ya macho yangu.

Ila penye sababu, mliponitaka nichague moja:
Sikununua. Sikupokea. Bidhaa mbovu. Nyingine,
nimechagua Nyingine.
Kisanduku kilikuwa kimebakiwa na herufi kumi na moja.
Nimetumia sita.